Kichuguu Kisicho na Mchwa

Udongo wa kichuguu ukichimbuliwa asubuhi, kabla jua halijaukausha, hutoa harufu ya uyoga na ya mtungi uliokaa na maji siku nyingi. Ndiyo harufu iliyonisimamisha njiani siku niliyoondoka Mugoma bila kujua ninakwenda wapi. Chumba nilichokuwa nimepanga hakikuwa na kasoro, kazi ya kufyatua matofali ilikuwa bado ipo, na mwenye nyumba hakuwa amenikosea. Niliamka tu na ile hali inayonijia kila baada ya miezi michache, nikatia nguo zangu kwenye begi, nikaaga, nikashika njia ambayo ukungu wake ulikuwa mwepesi kuliko nyingine. Mbele kidogo nikawakuta wanaume wawili wakibomoa kichuguu kilichowazidi kimo, wakipakia udongo kwenye baiskeli wakakandikie nyumba. Nikasogea nikachungulia pale walipopasua: vyumba vidogo vidogo, njia zilizopinda, udongo mbichi unaong'aa, na mchwa wakikimbia huku na huko wamebeba mayai meupe. Mmoja aliegemea sururu yake akaniuliza, "Unatafuta nini humo, ndugu?" Nikamjibu kwamba naangalia tu. "Kuangalia hakuchimbi," akasema mwenzake. "Shika sururu." Wakacheka, nami nikacheka, lakini mawazo yangu yalikuwa yameshafika Keza, mwaka nilipokuwa darasa la sita, mwaka ambao mpaka leo sijauelewa.

Nililelewa na mama yake mama, Bibi Yozefina. Mama alikuwa ameolewa upya, huko huko Mugoma, na mume ambaye hakutaka kuanza ndoa na mtoto wa mtu mwingine, kwa hiyo mimi nilibaki Keza na bibi, mbuzi watatu, na shamba la migomba lililoteremka mpaka bondeni. Nyumba yetu ilinuka moshi wa mkaratusi, ndizi zinazoivishwa, na majivu. Majivu yalikuwa kila mahali kwa sababu bibi aliyachanganya na mbegu zake za maharage ili wadudu wasiziguse. Watu wa mjini wakisikia maharage hufikiri ni kitu kimoja. Kwetu, enzi hizo, maharage yalikuwa mchanganyiko: ya njano, mekundu, meusi madogo yanayong'aa, ya zambarau yenye madoa, meupe yenye jicho, yote yakipandwa pamoja na kupikwa pamoja, na bibi alisema kila nyumba ina mchanganyiko wake. Wake alipewa na mama mkwe siku alipoanza kupika kwenye jiko lake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na aina moja nyembamba, yenye mistari ya kahawia, aliyoiita "ya mama mkwe", na kila alipozimwaga mbegu mkekani aliitafuta hiyo kwa macho kwanza. "Mvua ikizidi haya yanakufa, yale yanabaki," aliniambia akinionyesha kwa kidole. "Jua likizidi, yale yanakufa, haya yanabaki." Lakini msimu uliotangulia wadudu walikuwa wameingia licha ya majivu, wakatoboa karibu zote. Zilizosalimika, zikapandwa na kuvunwa tena, zilijaza kapu moja dogo. Kapu hilo ndilo lililokuwa shamba letu lote la mwaka unaofuata.

Mwaka huo akaja shuleni Mwalimu Konsolata, dada mrefu mwenye miwani kutoka upande wa Bukoba, akapewa somo la stadi za kazi kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka. Kabla yake stadi za kazi ilikuwa kufagia uwanja na kuleta fagio kutoka nyumbani. Yeye alisimama mbele yetu, akaandika ubaoni neno moja, "Tengeneza", akaweka chaki chini. Tukalinakili neno lile, tukalipigia mstari, tukasubiri mengine. Hayakuja. Alisema kila mmoja akatafute kitu kimoja cha asili, kisichotengenezwa na mtu, akae mbele yake mpaka akielewe, kisha abuni kitu cha kutumika nyumbani kinachofanya kazi kama hicho. Tulitazamana. Sisi tulikuwa hodari wa kunakili. Ungetuandikia kurasa tatu ubaoni tungekurudishia kurasa tatu bila nukta kupungua, lakini hatukuwahi kuambiwa tufanye jambo ambalo halijaandikwa mahali.

Wiki iliyofuata darasa zima tulipeleka mchoro wa ua moja lile lile. Lilikuwa ua la haibiskasi kutoka kwenye kitabu cha sayansi, limekatwa katikati kuonyesha sehemu zake, na mishale yake, na wengine walikuwa wameandika mpaka namba ya ukurasa. Sikumjua mtu hata mmoja Keza aliyekuwa na ua hilo kwao. Mwalimu aliyapitia madaftari moja moja, akayapanga upya mezani, tukadhani atalia au atachukua fimbo.

"Gaudensi," akamwita jirani yangu wa dawati, "hili ua umeliona wapi?"

"Kwenye kitabu, mwalimu."

"Na kwenu kuna nini?"

Gaudensi alifikiri. "Kwetu hakuna kitu, mwalimu. Kuna migomba tu."

Darasa lilicheka, mwalimu hakucheka. Alitutoa nje, akatupeleka nyuma ya vyoo, pale pori lilipoanzia, akamkalisha kila mtu mbele ya kitu chake. "Sitaki mnichoree kitu," alisema akipita nyuma ya migongo yetu. "Nichoreeni kazi yake. Hili jani, mvua ikinyesha linafanya nini?" Mimi sikuelewa. Nilijua jani ni jani. Nikamwuliza kwa kunong'ona kama jambo hili litatoka kwenye mtihani, akaniambia hapana, halitatoka kwenye mtihani wowote, na hapo nikachanganyikiwa zaidi, maana sikujua kwa nini mtu ajifunze kitu ambacho hataulizwa.

Kwa bahati tu nilikuwa nimekalishwa mbele ya kichuguu. Vichuguu nilivijua tangu nipate akili. Kila kimoja kilikuwa na mwenyewe, na kumbikumbi wakikaribia kuruka mwenyewe alikifunika kwa majani ya migomba, akakaa hapo na watoto wake akigongagonga vijiti ili watoke, na ole wake jirani atakayeonekana akipita na chombo mkononi. Lakini kukaa mbele ya kichuguu bila kusubiri kumbikumbi sikuwahi. Nilikaa kipindi kizima, kesho yake nikarudi mwenyewe, na keshokutwa. Niliweka kiganja juu yake saa za joto nikakuta ubaridi. Nikaweka asubuhi ya ukungu nikakuta uvuguvugu, kama tumbo la mbuzi. Nilitoboa tundu kwa kijiti, na kabla sijachoka kutazama wakaja mchwa wakaliziba. Nikatoboa jingine nikaweka pua, nikahisi pumzi, pumzi kabisa, yenye unyevu, ikinipuliza usoni. Nilikimbia kumwambia mwalimu kwamba kichuguu kinapumua. Aliniangalia kama mtu aliyeletewa barua aliyoisubiri muda mrefu. "Sasa," akasema, "nyumbani kwenu kuna kitu gani kinachohitaji kupumua?"

Swali hilo ndilo lililoniharibu au lililonitengeneza, sijui. Nilifikiria maharage ya bibi yakitobolewa ndani ya kapu lililofunikwa, kwenye joto la jiko, nikaona wazi kwamba yanakosa hewa. Basi nikajenga ghala lenye umbo la kichuguu katikati ya ua wetu, kimo chake kikanifika kifuani. Udongo niliutoa kwenye kichuguu cha bibi mwenyewe, kwa ruhusa yake, upande uliokwisha kubomoka, nikaukanda pamoja na majivu na nyasi zilizokatwakatwa. Katikati nilisimamisha shina jembamba la mgomba, nikajenga kulizunguka, na udongo ulipokaribia kukauka nikalivuta, likaacha njia laini ya hewa kutoka chini mpaka juu. Ubavuni nilichomeka matete, nayo nikayavuta, yakaacha matundu yanayopanda kwa mshazari. Chini nikaacha chumba cha mbegu, na mlango mdogo wa kufunikwa kwa kigae cha mtungi. Gaudensi alikuwa amegundua kwamba maji hayashiki kwenye jani la gimbi, na alikuwa akipaka nta ya mshumaa kwenye mfuko wa salfeti ili apate koti la mvua. Alikuja kila jioni kunidhihaki.

"Deusi, nyumba hii unamjengea nani? Unaoa mchwa?"

"Naoa," nikamjibu. "Wewe utakuwa mshenga, uje na koti lako la salfeti."

Lakini siku nilipowasha nyasi mbichi kwenye tundu la chini, moshi ukapotea ndani, ukanyamaza kidogo, kisha ukatokea juu umenyooka kama uzi, hata yeye aliacha kucheka. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama kutazama. "Linavuta kiko kama marehemu babu yako," akasema.

Mwalimu akatuambia kwamba kila kazi lazima ijaribiwe kwa kitu chenyewe, kwa sababu mratibu elimu kata angekuja kuzikagua. Nilitegemea bibi anipe konzi mbili za maharage ya kula. Yeye alilizunguka lile ghala mara mbili, akaingiza mkono mlangoni, akautoa, akanusa vidole.

"Na mvua?" akauliza.

"Kichuguu kinanyeshewa miaka yote, bibi. Hakina paa."

"Ni kweli," alisema polepole. "Hakina paa." Akapangusa vidole kwenye kanga. "Na huyo mwarimu wenu amesema yatakaa vizuri?"

"Amesema wazo ni zuri."

Hilo mwalimu alikuwa amelisema kweli. Kwamba wazo kuwa zuri na maharage kukaa vizuri ni mambo mawili, mimi sikulijua, na nadhani bibi naye, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, hakulijua. Kwake neno la mwalimu lilikuwa karibu sana na neno la padri. Tena kapu lake lilikuwa limeshamwangusha mara moja. Akaingia ndani, akatoka na mbegu zote, akazimimina kwa mikono yake ndani ya ghala langu, pamoja na zile za mistari. "Mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu, "ukinipotezea hizi, mimi sina pengine pa kuzitoa. Mama mkwe ameshalala kaburini." Kisha akaniachia kigae nifunike mwenyewe.

Mratibu alikuja siku ya Ijumaa kwa pikipiki. Walilimwagia maji koti la Gaudensi, yakateleza, yakamwingia mratibu kwenye kiatu, watu wakacheka kwa adabu. Halafu wakaja kwetu kwa miguu, yeye na mwalimu mkuu na Mwalimu Konsolata, darasa zima nyuma yao. Bibi alikuwa amefagia ua mara tatu na kuvaa kitenge cha kanisani. Nikatoa shikamoo, wakaitikia, nikaanza kueleza kazi ya kila tundu. Mratibu aliinama akaweka kiganja kwenye udongo, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, akaandika maneno mengi kwenye daftari lake. Alipomwuliza bibi anaonaje, bibi, ambaye mbele ya wakubwa hakuwa msemaji, alisema tu, "Ni mjukuu wangu." Jua lilikuwa kali siku hiyo, lile la mwisho wa kiangazi linalopasua midomo. Hakuna aliyetazama juu.

Mvua ilianza Jumamosi mchana, mapema kuliko tulivyozoea, na haikuwa ile mvua ndogo ya kutuliza vumbi. Ilikuja na upepo kutoka upande wa Burundi, imelala ubavu, ikanyesha, ikapumzika, ikanyesha tena mpaka Alhamisi. Mara mbili nilishika majani ya migomba nikafunike ghala, na mara mbili nikayarudisha, kwa sababu kichuguu hakifunikwi kwa ajili ya mvua, na nilitaka kuwa mwaminifu kwa kile nilichokiona kwa macho yangu. Ijumaa jua likatoka. Nilipokuwa nikienda shuleni bibi alinifunga kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa darasa la pili, akaniambia nisikilize vizuri watakachosema. Na mstarini, mbele ya shule nzima, mwalimu mkuu akasoma matokeo: wa kwanza mimi, mia kwa mia. Nilipewa madaftari manne na kalamu. Mwalimu Konsolata alipiga makofi mpaka miwani ikamteleza. Sikuwahi kuwa wa kwanza kwa kitu chochote. Kwenye hesabu nilikuwa nikigombea nafasi na watu wa mkiani. Nilikimbia njia nzima kurudi nyumbani, tope likiniruka mpaka shingoni.

Bibi alikuwa amekaa kizingitini. "Wamesemaje?" akauliza. Nikamweleza yote, mstari, makofi, mia kwa mia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akayashika yale madaftari, akayageuza, akanirudishia. Ndipo akasimama akaniongoza uani, mpaka nyuma ya ghala, upande ambao sikuutazama tangu mvua ianze. Kwenye karibu kila tundu nililolitengeneza kwa tete palikuwa pametokeza chipukizi, jeupe shingoni na kijani kichwani, limejikunja kutafuta mwanga. Ghala zima lilikuwa limeota. Niliposogeza kigae harufu ikanipiga usoni: mbegu za juu zilikuwa zimechipua, za katikati zimevimba na kupasuka ngozi, za chini zimekuwa uji wenye ukungu wa kijivu. Nilimwuliza ameona lini. "Jana asubuhi," alisema. Yaani alijua tangu jana, akanifunga kifungo, akaniacha niende nikasifiwe. Nilisubiri anipige. Nilitaka anipige, nijue tumefikia wapi. Hakunipiga. Alichukua ungo akaanza kuchagua mbegu zilizochipua ambazo zilikuwa bado na uhai, akaniambia nilete jembe, na jioni ile ile tukazipanda kwenye kona moja ya shamba, moja moja, tukizishika kama mayai. Za mistari sikuziona. Labda zilikuwemo. Ngozi zilikuwa zimebambuka, na mbegu zikishabambuka ngozi zote zinafanana, nami sikuthubutu kuuliza.

Siku zilizofuata kila mtu alikuwa na sababu yake, na sababu hizo hazikuelewana. Mwalimu Konsolata alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akasema kosa ni lake, hakunikumbusha kwamba mchwa wanaziba na kutengeneza kila siku, mvua isipokwisha nao hawaachi, na mimi nilijenga kichuguu kisicho na mchwa. Mwalimu mkuu alisema kosa ni mvua. Gaudensi alisema kosa ni kutopaka nta. Wanawake wa jirani walisema kosa ni bibi, mtu mzima anampaje mtoto mbegu yote, na walisema hayo kisimani akiwa anasikia. Bibi mwenyewe alijitwisha ndoo yake akaondoka. Nilimwuliza mwalimu kama sasa ataniondolea alama zangu. Akasema hapana, alama zilikuwa za kufikiri, na kufikiri nilifikiri. Sikujua nishukuru au nilie. Alikuwa amemletea bibi mfuko wa maharage kutoka gulioni, ya njano matupu, makubwa, mazuri, yanayofanana kama yaliyotoka kiwandani. Bibi aliyapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akamshukuru, akamfungia mkungu mdogo wa ndizi wa kuondoka nao. Mwalimu alipokwisha kupotea njiani, bibi akayatazama kwa muda, akayamimina kwenye chungu. Tulikula ya njano mpaka yakaisha. Hakupanda hata moja. Sikuelewa kama ni kiburi, au ni huzuni, au kwamba machoni pake hicho kilikuwa chakula na si mbegu, basi.

Msimu ule tuliishi kwa ndizi na mihogo. Ile kona tuliyopanda bibi alikuwa akienda kuipalilia peke yake, na akirudi alinawa mikono bila kunieleza kitu. Watu huniuliza kwa nini niliacha shule, wakidhani ni karo, au fimbo, au utundu. Mimi mwenyewe nimejaribu kuwapa sababu tofauti nione ipi inakaa. Niliendelea kwenda mpaka muhula ukaisha, ila kila nilipoingia darasani nilihisi kwamba wenzangu na walimu wanajua jambo ambalo mimi sikuambiwa: namna kitu kinavyoweza kuwa sahihi kule ndani huku nje kimeoza. Na nyumbani palikuwa na ukimya wa bibi, ambao haukuwa wa hasira, hasira ningeizoea. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, badala ya kuingia darasa la saba, nikapanda lori la ndizi lililokuwa likienda upande wa Biharamulo. Nikachunga ng'ombe wa watu, nikachota maji, nikaponda kokoto, nikahama kila palipoanza kufanana na jana. Bibi alinitumia neno mara moja tu, kupitia kwa dereva wa lori lile lile.

"Bibi yako anasema nikwambie, tumevuna."

"Mmevuna nini?" nikamwuliza. "Maharage? Yapi? Ya rangi gani?"

"Wewe mtoto," akasema dereva, "mimi nimepewa neno moja, nami nimelileta lote."

Baadaye nilikuwa nikirudi Keza mara kwa mara, nikala maharage ya bibi sahani kwa sahani, nikiyakoroga kwa kijiko kutafuta mistari, ingawa yakichemshwa sana rangi zote huelekea kuwa moja. Hakuniambia, na mimi, ninayeuliza watu nisiowajua habari za kila kitu, hilo moja sikumwuliza. Sasa amezikwa karibu na mama mkwe wake. Huko Keza shamba linalimwa na binamu yangu, ambaye hununua mbegu za pakiti, za rangi moja, na anavuna vizuri kuliko bibi alivyowahi kuvuna. Maharage anayatia kwenye mifuko ya plastiki yenye tabaka mbili, anakaza shingo kwa kamba mpaka hewa isiweze kuingia hata kidogo, na wadudu wanafia humo humo. Kumbe dawa ilikuwa kuyanyima pumzi. Nilipoiona mifuko hiyo mara ya kwanza nilikaa juu ya mmoja kwa muda, nikijaribu kuona kama nicheke.

Haya yote nilikuwa nikiyazungusha kichwani tangu pale kwenye kichuguu cha Mugoma. Nilipata pikipiki, kisha lori, kisha miguu yangu, na jua lilipokuwa likiteremka nikajikuta Nyantakara, mahali ambapo katika kuzunguka kwangu kote sikuwahi kulala. Dukani wakanielekeza kwa Mama Kabula, mama wa Kisukuma mwenye vyumba vitatu vya uani na sauti ya kuitia ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakaa siku ngapi?"

"Sijui, mama."

"Kazi yako?"

"Yoyote."

"Basi wewe ni mwalimu au mwizi," akasema, "na mwalimu ninaye tayari."

Aliyekuwa naye ni dada mmoja kijana, anayefundisha shule ya jirani, amekaa kwenye jamvi akisahihisha madaftari. Nikasalimia, na kwa kuwa siwezi kupita kitu kilichofunguliwa nikachungulia. Palikuwa na sega la nyuki, mwiba wa mgunga, jani la gimbi na matone juu yake. Alisema anawafundisha wanafunzi kubuni vitu kwa kutazama asili. Nikakaa chini bila kukaribishwa, nikamsimulia, kwa kifupi kuliko hapa, habari za ghala langu. Alinisikiliza kalamu ikiwa hewani, kisha akachukua simu, akatafuta, akanionyesha jengo refu la nchi nyingine. Akasema waliolijenga walifuata kichuguu, na ndani ni baridi bila mashine. Mwalimu Konsolata hakuwa na picha ya kutuonyesha. Alikuwa na chaki na pori la nyuma ya vyoo. Nikaishika simu kwa mikono miwili nikatazama matundu ya lile jengo, yamepangwa juu kwa juu.

"Humo ndani wanahifadhi nini?" nikauliza.

Aliniangalia kuona kama namtania. "Watu," akasema. "Wanakaa watu."

Mama Kabula, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni na ambaye sikujua kama anasikiliza, akadakia. "Na hayo maharage yako hayakuwa hai? Si yaliota?"

"Yaliota, mama."

"Basi nyumba yako ilifanya kazi. Viumbe wako waliishi."

"Lakini mbegu zilipotea," nikasema. "Bibi alizipoteza zote. Au karibu zote, sijui. Sasa lilifanya kazi, au halikufanya?"

"Mimi nitajuaje, baba? Shika ufunguo. Cha kati."

Chumba cha kati hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na kitanda, ndoo, msumari wa kutundikia shati, na juu ya mlango palikuwa na tundu lililoachwa na fundi, upana wa ngumi. Niliweka begi chini, nikainua kiganja nikakisogeza pale, nione kama hewa inaingia au inatoka. Ilikuwepo, niliihisi kwenye vidole. Ilikwenda upande gani sikuweza kusema, na nilisimama hivyo, mkono juu, mpaka Mama Kabula akaniita kula.